Kutoka Wavu hadi Silia: Historia ya Kuujua na Kuuita kwa Kiswahili Upofu wa Kurithi wa Retina, kwa Kuzingatia Mazingira ya Rusizi

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya maarifa kuhusu kuharibika kwa retina kunakotokana na kasoro za kurithi za silia, pamoja na historia ya istilahi zilizobeba maarifa hayo. Mahali pa kurejelea ni Wilaya ya Rusizi, iliyokuwa Cyangugu, katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, ambako Kiswahili hutumika sokoni, mpakani na katika vituo vya afya pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Makala yanadai kwamba maradhi haya yamebaki bila kuonekana katika takwimu za ukanda wetu kwa sababu mbili: namna upofu unavyohesabiwa, na namna unavyoitwa. Inaoneshwa kuwa tafsiri nne zinazoelekea kuwa rahisi, yaani "uvimbe wa retina", "vikope", "vinasaba" na "mbebaji", zinaweza kumpotosha mgonjwa na mhudumu. Mapendekezo yanatolewa kwa wanaistilahi na washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Mnamo mwaka 2017 Rwanda ilitunga sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, sambamba na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kwa wakazi wa Kamembe na maeneo jirani, sheria hiyo ilirasimisha hali iliyokwisha kuwapo. Upande wa pili wa mto Rusizi uko mji wa Bukavu, nao wafanyabiashara, wanafunzi na wagonjwa huvuka daraja kila siku. Kiswahili ni mojawapo ya lugha za uvukaji huo.

Lugha inapokuwa rasmi hupata haki, lakini hupata pia wajibu. Mmoja wa wajibu huo ni kuweza kumweleza mzazi kwa nini mtoto wake, aliyezaliwa akiona, anaanza kujikwaa jioni na hatimaye kushindwa kusoma ubaoni. Swali la makala haya ni hili: maelezo ambayo sayansi imeyapata kuhusu hali hiyo yalipatikanaje, na yanaweza kusemwa vipi kwa Kiswahili bila kumdhuru anayeyasikia?

2.0 Jinsi ugonjwa ulivyoonekana kabla ya kueleweka

Jina la retina lenyewe lina historia ya tafsiri. Waganga wa Kiyunani waliufananisha utando ulio nyuma ya jicho na wavu wa kuvulia samaki. Waarabu waliuita kwa neno linalotokana na *shabaka*, yaani wavu, na watafsiri wa Ulaya ya Zama za Kati wakalihamishia wazo hilo katika Kilatini kwa kutumia *rete*, neno lenye maana ileile. Kwa hiyo istilahi inayoonekana leo kuwa ya Kizungu ilipita kwanza katika Kiarabu, lugha ambayo Kiswahili kimechota kwayo kwa karne nyingi.

Hata hivyo, retina ya mtu aliye hai haikuweza kutazamwa vizuri hadi mwaka 1851, Hermann von Helmholtz alipotangaza kifaa chake cha kuchungulia ndani ya jicho. Muda mfupi baadaye madaktari waliona madoa meusi kwenye retina za watu waliokuwa wakipoteza uwezo wa kuona usiku. Mholanzi Franciscus Donders aliipa hali hiyo jina la *retinitis pigmentosa*. Jina hilo lilikosea tangu mwanzo, kwa kuwa kiambishi tamati chake huashiria uvimbe unaotokana na maambukizi au mwasho, ilhali hapa seli hufa taratibu bila uvimbe kuwa chanzo.

Mapema pia ilionekana kwamba kwa baadhi ya wagonjwa jicho halikuwa peke yake. Mwaka 1858 Albrecht von Graefe alieleza upofu wa aina hii ulioambatana na uziwi. Mwaka 1914 Charles Usher alisisitiza kuwa hali hiyo hurithiwa, na leo inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1866, jijini London, Laurence na Moon walieleza ndugu wanne wa familia moja wenye uoni hafifu na dalili nyingine za mwili. Georges Bardet nchini Ufaransa mwaka 1920, na Artur Biedl mwaka 1922, walieleza wagonjwa waliokuwa na retina iliyoharibika, unene uliopita kiasi na vidole vya ziada. Hali hii ya mwisho, inayoitwa sindromu ya Bardet-Biedl, ndiyo itakayotufaa zaidi kama mfano.

Kwa zaidi ya karne moja hakuna aliyeweza kueleza kinachounganisha jicho, kidole, figo na unene. Madaktari waliorodhesha dalili. Chanzo kimoja hakikuonekana.

3.0 Silia: kiungo kilichodharauliwa

Silia ni kijinywele kinachochomoza juu ya uso wa seli. Vile vinavyopiga kasia, kama vya njia ya hewa, vilijulikana mapema. Lakini karibu kila seli ya mwili ina silia moja isiyopiga kasia. Karl Zimmermann aliieleza mwaka 1898, kisha kwa miongo mingi wanabiolojia wengi waliichukulia kuwa salio la mageuko lisilo na kazi.

Katika miaka ya 1950 hadubini ya elektroni ilionesha jambo la ajabu kuhusu seli za retina zinazopokea nuru. Sehemu ya nje ya seli hiyo, yenye visahani vilivyopangwa kama vitabu vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, ni silia iliyopanuka. Inaunganishwa na sehemu ya ndani kwa shingo nyembamba yenye jozi tisa za mirija midogo. Protini zote za kupokea nuru, rodopsini ikiwa ya kwanza, hutengenezwa ndani na lazima zipite kwenye shingo hiyo ili zifike zinakotumika. Tena, safari hiyo haikomi: tafiti za Richard Young za mwaka 1967 zilionesha kuwa visahani hivyo hupukutika na kutengenezwa upya daima, na katika panya aliowachunguza sehemu yote ya nje hufanywa upya kwa takriban siku kumi.

Msomaji wa Rusizi hahitaji mfano wa mbali. Miji miwili inayotegemeana, daraja moja jembamba, mizigo inayovuka kila siku: daraja likiharibika, bidhaa hurundikana upande mmoja na upande mwingine hukosa. Katika retina, mrundikano huo huua seli.

Ushahidi wa usafirishaji huo ulitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1993, katika maabara ya Joel Rosenbaum katika Chuo Kikuu cha Yale, Keith Kozminski na wenzake waliona chembe zikisafirishwa kwenda na kurudi ndani ya silia za mwani wa kijani wa majini uitwao *Chlamydomonas*. Mwaka 2000 Gregory Pazour na wenzake walionesha kuwa jeni inayohitajika na mwani huo ili kujenga silia ina mwenzake katika panya, na kwamba panya wenye kasoro ya jeni hiyo, ambao tayari walijulikana kwa ugonjwa wa figo, wana silia fupi katika figo zao. Muda mfupi baadaye ilibainika kuwa retina za panya hao pia huharibika. Figo na jicho vikapata kiungo cha pamoja.

Mwaka 2003 Stephen Ansley na wenzake walichapisha katika jarida la *Nature* ushahidi kwamba sindromu ya Bardet-Biedl hutokana na kasoro katika shina la silia. Orodha ya dalili ya mwaka 1920 ikapata maelezo: jicho, figo na vidole vinavyoumbika tumboni vyote hutegemea silia, na ndivyo ilivyo pia kwa sehemu za ubongo zinazoratibu njaa. Leo jeni zaidi ya ishirini zinajulikana kusababisha sindromu hiyo moja. Kwa upande mwingine, jeni moja inaweza kuleta magonjwa kadhaa: kasoro za jeni iitwayo CEP290, iliyofafanuliwa na makundi mbalimbali ya watafiti mwaka 2006, huweza kuleta upofu wa utotoni pekee, au upofu pamoja na kasoro za figo na ubongo.

4.0 Ramani iliyochorwa kwingine

Ni vyema kuuliza jeni hizi ziligunduliwa katika miili ya nani. Sehemu muhimu ya ramani ya Bardet-Biedl ilichorwa kutokana na koo za Mabedui wa Negev, zilizokubali kuchunguzwa katika miaka ya 1990. Miongoni mwa Mabedui wa Kuwait kiwango kilichoripotiwa ni mtu 1 kati ya 13,500, na kisiwani Newfoundland, Kanada, ugonjwa huu pia ni wa kawaida kuliko katika sehemu nyingi za Ulaya. Jamii hizo zilichunguzwa kwa sababu ndoa za ndani ya ukoo au upweke wa kijiografia ziliongeza uwezekano wa mtoto kupata nakala mbili zenye kasoro.

Afrika haikuwa na upungufu wa ugonjwa. Ilikuwa na upungufu wa uchunguzi. Mwaka 2016 Karen Fieggen na wenzake walichapisha katika jarida la madaktari la Afrika Kusini matokeo kuhusu wagonjwa Weusi wa nchi hiyo wenye sindromu ya Bardet-Biedl, wakaonesha kuwa badiliko moja la jeni BBS10, linaloelekea kutoka kwa babu au bibi mmoja wa kale, ndilo lililokuwa chanzo. Katika upimaji, tokeo hilo lina maana kubwa: penye badiliko moja kuu, kipimo kimoja cha bei nafuu kinaweza kutosha. Badiliko hilo lilipatikana kwa sababu liliulizwa.

Upana wa pengo hilo unajulikana. Tathmini ya Giorgio Sirugo na wenzake ya mwaka 2019 ilikadiria kuwa asilimia 78 ya watu waliohusishwa katika tafiti za kulinganisha jenomu na maradhi walikuwa wa asili ya Ulaya, na asilimia 2 tu wa asili ya Afrika. Athari yake inaonekana katika tiba. Mwaka 2020, huko Portland, Marekani, mgonjwa wa kwanza aliwekewa ndani ya jicho dawa ya kuhariri jeni CEP290. Dawa hiyo ilibuniwa kwa ajili ya badiliko moja mahususi, ambalo umuhimu wake ulijulikana kwa wagonjwa wenye asili ya Ulaya. Mtoto wa Bugarama anaweza kuwa na ugonjwa wa jina lilelile na dawa hiyo isimfae hata kidogo. Pasipojulikana mabadiliko ya jeni yaliyopo kwetu, tiba za kesho zitatupita.

5.0 Rusizi katika takwimu za upofu

Mkoa wa Magharibi wa Rwanda una bahati ya kuwa na utafiti wa upofu wenye ubora. Mwaka 2006 Wanjiku Mathenge, John Nkurikiye na wenzao waliendesha tathmini ya haraka ya upofu unaozuilika, wakachapisha matokeo mwaka 2007 katika jarida la *PLoS Medicine*. Kati ya watu 2,250 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliochaguliwa, 2,206 walipimwa. Kiwango cha upofu wa macho yote mawili kilikuwa asilimia 1.8, na asilimia 65 ya upofu huo ilisababishwa na mtoto wa jicho.

Utafiti huo ulikuwa na lengo la haki: kujua ni wangapi wanaoweza kuonyeshwa tena nuru kwa upasuaji mfupi. Lengo hilo hata hivyo liliweka mipaka. Kwanza, njia hiyo hupima wenye miaka 50 na zaidi, ilhali upofu wa silia huanza utotoni. Katika Bardet-Biedl, matatizo ya kuona usiku huonekana kwa kawaida katika umri wa takriban miaka 8, na wengi hufikia kiwango cha upofu wakiwa na takriban miaka 15. Pili, katika njia hiyo mtu mwenye sababu mbili za upofu huandikwa kwa ile inayotibika kwa urahisi zaidi. Tatu, maradhi ya nyuma ya jicho huingizwa katika mafungu mapana. Mtu mwenye retina iliyokufa na mtoto wa jicho juu yake, jambo linalotokea mara nyingi katika maradhi haya, huhesabiwa kuwa na mtoto wa jicho.

Chanzo cha pili cha takwimu ni shule za wasioona. Mwaka 1995 Clare Gilbert na wenzake walichapisha matokeo ya wanafunzi 491 katika shule 17 za Malawi, Kenya na Uganda. Tangu wakati huo chanjo ya surua na matone ya vitamini A yamepunguza upofu wa kioo cha jicho katika ukanda wetu. Upofu huo unapopungua, sehemu inayobaki huwa na maradhi ya kurithi kwa uwiano mkubwa zaidi, hata kama idadi yake haijaongezeka. Nchini Rwanda, elimu ya wasioona ina mizizi katika taasisi ya Gatagara iliyoanzishwa mwaka 1960, ambayo ina shule yake Rwamagana, na pia katika shule ya Kibeho. Kwa mtoto wa Rusizi, safari ya kwenda huko, au Kigali kwa uchunguzi wa kijenetiki, ni safari ndefu.

Kutohesabiwa huku kuna gharama. Katika sindromu ya Bardet-Biedl, kinachohatarisha maisha zaidi ni figo wala si jicho. Mtoto aliyeandikwa "asiyeona" tu hufundishwa Breli, na hilo ni jema. Lakini mtoto aliyeandikwa "mwenye ugonjwa wa silia" hupimwa pia shinikizo la damu na figo. Jina la pili linaweza kumwongezea miaka ya kuishi.

6.0 Istilahi nne na hatari zake

Kiswahili kimejenga hazina ya istilahi za biolojia kwa nusu karne na zaidi, hasa kupitia Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, lililoundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam. Maneno *seli*, *jeni*, *protini* na *kromosomu* yamekwisha zoeleka. Katika uwanja wetu, hata hivyo, tafsiri iliyo sahihi kwa kamusi inaweza kuwa hatari kliniki.

Ya kwanza ni *uvimbe wa retina*, tafsiri sisisi ya jina la Donders. Inarithi kosa la karne ya 19. Anayeambiwa kuna uvimbe hutafuta matone ya kuondoa uvimbe, na huyatafuta dukani mwaka baada ya mwaka. *Kudhoofika kwa retina kwa kurithi* ni kauli ndefu zaidi, lakini haimpeleki mtu kununua dawa isiyomfaa.

Ya pili ni *vikope*. Neno la Kilatini *cilium* lilihusu ukope, na mtafsiri mwenye ari ya kutumia maneno ya asili angeweza kuviita vijinywele vya seli vikope. Lakini *vikope* tayari ni jina la trakoma, ugonjwa wa kuambukiza unaokinga kwake ni usafi wa uso na mazingira. Familia ikiambiwa mtoto ana ugonjwa wa vikope, itaambiwa pia, japo kwa ukimya, kwamba haikumwosha uso. *Silia* ni neno la mkopo, nalo ni salama zaidi.

Ya tatu ni *vinasaba*. Neno hili ni zuri kimofolojia na limeingia katika sheria: Tanzania ilitunga mwaka 2009 sheria ya kudhibiti matumizi ya vinasaba vya binadamu. Lakini mzizi wake, *nasaba*, huelekeza akili kwenye ukoo, hasa wa baba, na katika vyombo vya habari vipimo vya vinasaba vimehusishwa mno na kesi za kutafuta baba wa mtoto. Mama anayeombwa akubali kipimo cha vinasaba vya mtoto wake anaweza kusikia kwamba uaminifu wake ndio unaopimwa. Katika mazungumzo ya kliniki, *jeni* haina mzigo huo.

Ya nne ni *mbebaji*. Maradhi mengi ya silia huhitaji nakala mbili zenye kasoro, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, ambao wenyewe ni wazima. Katika kila mimba yao kuna uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuugua. Kumwita mzazi "mbebaji" ni kumpa neno ambalo elimu ya maambukizi imelizoesha kumaanisha mtu anayesambaza maradhi. *Mwenye nakala moja* ni maelezo yanayosema ukweli wote bila kuhukumu.

Nyuma ya istilahi hizi liko neno kubwa zaidi: *kurithi*. Katika matumizi ya kila siku, kinachorithiwa kilikuwa cha marehemu anayejulikana, nacho hupita upande mmoja: shamba, jina, cheo. Kwa hiyo swali la kwanza linaloulizwa nyumbani ni "amerithi kwa nani?", na jibu huishia kumlaumu mmoja wa wazazi, mara nyingi mama. Biolojia ya nakala mbili inakataa swali lenyewe, kwa kuwa pande zote mbili zimechangia sawasawa. Mhudumu anayesema "amerithi" akanyamaza amesema kweli, lakini ameacha mlango wa talaka wazi.

Istilahi ya *upofu wa usiku* nayo inahitaji tahadhari. Ni jina la dalili, nayo inatokana na sababu zaidi ya moja. Katika kampeni za lishe imeunganishwa na upungufu wa vitamini A, na kiungo hicho ni sahihi kwa wengi. Mtoto ambaye haoni usiku hata baada ya kupewa vitamini A, mwenye ndugu aliye vivyo hivyo, au aliyezaliwa na kidole cha ziada na anayenenepa kupita kiasi, anahitaji maelezo mengine. Kidole cha ziada peke yake ni jambo la kawaida kwa Waafrika na aghalabu halina madhara; uzito wake uko katika kuambatana na dalili nyingine.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia hii inaonesha kuwa majina hayakufuata maarifa nyuma tu. Mara kwa mara yaliyaongoza, na wakati mwingine yaliyapoteza. Kosa la Donders limedumu zaidi ya miaka 150 kwa sababu lilikuwa limekwisha kuchapwa. Kiswahili bado kina nafasi ya kutochapa makosa yake katika uwanja huu.

Mapendekezo ni manne. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ishirikiane na madaktari wa macho na wanajenetiki wa nchi wanachama kusanifisha orodha fupi ya istilahi za maradhi ya kurithi ya jicho, na istilahi hizo zijaribiwe kwa wazazi kabla ya kupitishwa. Pili, sajili za shule za wasioona ziongezewe sehemu ya sababu ya upofu, dalili za mwili na historia ya familia, ili mtoto anayehitaji kupimwa figo ajulikane. Tatu, miongozo ya wauguzi wa vituo vya afya na wajumbe wa afya vijijini iwe na sentensi moja inayotenganisha upofu wa usiku wa lishe na ule wa jeni, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili. Nne, kwa kuwa koo haziishii kwenye mto, ushauri wa kijenetiki katika Rusizi upangwe pamoja na Bukavu. Nakala moja inaweza kuwa upande huu, na ya pili ng'ambo.

Hakuna hata pendekezo moja kati ya haya linalongoja tiba mpya. Maabara ya kusoma jenomu ni ghali, lakini sentensi sahihi haihitaji maabara. Mzazi anayeambiwa kwamba hakuna aliyekosa, kwamba mtoto atahitaji Breli na vipimo vya figo, na kwamba ndugu zake wachunguzwe mapema, amepata sehemu ya huduma ambayo tayari iko ndani ya uwezo wetu.